Stensili

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vifungo,
Mtaa wa Sikukuu, ngazi kumi na saba,
na mashine ya chapa isiyokuwa na m.

Kijichuma chake kilikatika siku Mzee Ndonde
aliponisomea mbiombio, jasho likidondokea karatasi:
mapigano, mabomu, maadui, Mueda, Mueda, Mueda.
Hakuna vita vya Kiswahili vinavyopiganwa bila m.
Nikaacha mapengo, kisha nikayajaza moja moja
kwa kalamu ya chuma, nikikwangua nta
kama mtu akwanguaye ukoko usiku, asiamshe wageni.

Usinicheke. Mara ya kwanza niliposomewa "Chai"
niliinuka nikawasha jiko.
Keti, binti, akasema. Chai ni mahali.
Ni huko risasi zilikoanzia.
Tangu siku ile, chai ya ofisini
tuliiita maji ya moto.

Sikuviona vita. Nilivisikia vikisomwa,
vimechelewa wiki tatu, vimekwama Rufiji,
lori limezama hadi vioo
na mjumbe kaificha taarifa ndani ya kofia.
Daraja walilolivunja Jumanne
mimi nililivunja Ijumaa ya mwezi uliofuata,
nakala mia mbili, wino hadi kwenye viwiko,
na chini dukani mke wa Bwana Velji akibishana na mteja:
dazeni ya vifungo vya lulu
ni kumi na mbili au kumi na moja?

Nilijifunza hesabu ya vita pia.
Adui siku zote wengi: arobaini, sitini na wawili.
Upande wetu siku zote wachache.
Niliuliza mara moja tu.
Mzee alivua miwani, akaifuta.
Haikuwa chafu.

Kaka yangu Melkiori alivuka Ruvuma
na soksi zangu za shule.
Zake zimetoboka, alisema, na kule kuna upupu.
Nilimnunia siku mbili kwa ajili ya soksi.

Masika ikaja taarifa fupi, nusu ukurasa.
Msafara wa magari umeshambuliwa, njia ya Mueda.
Manne yameungua. Adui ishirini na tisa.
Upande wetu: mmoja.

Neno dogo, lakini lina m mbili zinazofuatana.
Mashine ilitoa "oja" tu,
imening'inia ukingoni mwa pengo.
Nikaziandika kwa mkono, taratibu,
nikazipa mabega, nikazipa miguu,
nikajisifu. Tazama, Mzee,
huwezi kujua ipi ya mashine, ipi ya mkono.

Mzee hakuitazama karatasi.
Alikuwa anajua. Alijua tangu lori lilipofika,
akaninyamazia
hadi nakala ya mia mbili ilipokauka.

Juzi mjukuu kaja na ramani ya somo, mishale myekundu.
Ameambiwa ataje mapigano makubwa matano.
Bibi, hilo la njia ya Mueda lilikuwa kubwa?
Nikatafuta kwa kidole. Pale hapana mshale,
pana alama ya kifutio tu, na mafuta ya chapati.
Nikamwambia, lilikuwa nusu ukurasa.

Sikumwambia kuwa Jumatatu yake fundi alikuja
na m mpya ndani ya kibweta cha kiberiti.
Aliipachika, akaipuliza, akanirudishia kiti.
Lakini haikukaa sawa na wenzake.
Kila mstari ilipanda juu kidogo,
kama mtu anyooshaye shingo katika umati
aone nani anashuka kwenye lori.